Anayeondoka Hasemi

Katika ukoo wetu, mtu anayekwenda safari ndefu hajisemei. Anasemewa. Siku ya kikao anakaa mkekani karibu na mlango, kimya kama mwali, na yule aliyemlea anasimama mbele ya wazee kueleza mtu huyu anakwenda wapi na anakwenda kufanya nini. Wazee wanauliza maswali. Msemaji akishindwa kujibu, safari inangoja kikao kingine, na kwetu kikao kingine huitwa baada ya mavuno.

Mdogo wangu wa mwisho alitakiwa afike chuoni, ng'ambo, kabla ya mavuno. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Barua yenyewe ilisema hivyo, na alinisomea mara mbili. Wa kumsemea nilikuwa mimi. Baba alitutoka mimi nikiwa darasa la saba, mama akamfuata nikiwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Siku ya arobaini ya mama ilipopita, sare yangu ya shule niliikata nikamshonea mdogo wangu gauni la kushindia. Tangu hapo kazi yangu ni mawese. Nanunua chikichi kutoka Simbo, nazichemsha kwenye pipa nyuma ya nyumba yetu hapa Bangwe, natwanga, nakamua. Wadogo zangu wawili wamesomea kwenye moshi wa pipa hilo. Wa katikati ni dereva Kasulu. Huyu wa mwisho hakuacha kusoma.

Asili ya sheria hii ni kaka yake babu. Alikwenda manamba, kukata mkonge Tanga, zamani za wakoloni. Siku ya kuaga alijisemea mwenyewe, tena kwa maneno mazuri: "Nakwenda kazini, nitarudi." Hakurudi. Miaka ilipopita, mdogo wake akapanda treni kwenda kumtafuta. Alipofika mkongeni akauliza, "Mmemwona mtu wa Kigoma aliyekuja kazini?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu kambi nzima walikuwa watu wa Kigoma waliokuja kazini. Akarudi peke yake. Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye anayeisimulia hadithi hii, na kila akiisimulia treni inachukua siku nyingi zaidi njiani. Mimi niliielewa hivi: anayeondoka ana midomo mitamu, asiaminiwe. Niliielewa hivyo tangu utoto.

Siku mdogo wangu alipokuja na barua, nilikuwa nakoroga pipa.

"Unakwenda kusoma nini hasa?" nikamuuliza.

"Eksrei, Dada."

Nikafurahi. Eksrei naijua. Ya mama ninayo hadi leo, iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Niliibeba mwenyewe kutoka hospitali, mama akitembea pole pole nyuma yangu. Nikaona kikao kimekwisha kabla hakijaanza. Nitasimama niseme: anakwenda kusomea eksrei, arudi awapige watu picha za kifua. Nani angeuliza swali?

"Siyo eksrei za watu," akasema.

"Za ng'ombe?"

Akacheka hadi akakaa chini kwenye kinu. "Za galaksi, Dada. Galaksi za redio. Yaani mapovu yake."

Nikaendelea kukoroga. Niliona nikisimamisha mkono atajua kwamba sikuambulia neno hata moja.

Tulikuwa na siku kumi. Kila siku baada ya kazi ya asubuhi alinifundisha, na kila siku nilianza upya kama mtu ambaye hajawahi kufundishwa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya galaksi. Nyota zinakaa makundi makundi, kundi moja ni galaksi, jua letu liko katika mojawapo. Hilo nililikubali. Katikati ya galaksi nyingine kuna kitu kizito, kidogo kwa umbo lakini kina uzito wa majua mengi mno, na kinameza vilivyo karibu. Hilo pia nililikubali, ingawa sikujua nilikuwa nakubali nini. Lakini kitu hicho kinapomeza, kingine kinatemwa. Kinatemwa pande mbili, huku na huku, kwa kasi kubwa, mpaka mbali nje ya galaksi yenyewe, na huko mbali kinatuna, yanakuwa mapovu mawili makubwa kuliko galaksi iliyoyatema.

"Mtoto mkubwa kuliko mama," nikasema.

"Hapo umepatia."

"Na redio inatoka wapi?"

"Ndani ya mapovu kuna chembe ndogo ndogo zinakimbia. Kuna na sumaku. Chembe ikikimbia kwenye sumaku inazunguka zunguka, na kuzunguka huko kunatoa mawimbi ya redio."

"Nani anatangaza?"

"Hakuna anayetangaza, Dada."

"Basi kwa nini mnasikiliza?"

Alikwenda kuchota maji.

Siku iliyofuata alileta kompyuta yake akanionyesha picha. Weusi mtupu, na madoa mawili ya buluu, moja kushoto, moja kulia, na katikati nukta nyeupe. Nikaitazama sana. Kisha nikapanda kwenye kiti nikashusha ile bahasha ya kaki, nikaitoa eksrei ya mama, nikaielekeza dirishani. Kulikuwa na pande mbili na moyo katikati. Tulisimama hapo, mimi na mdogo wangu, yeye alikuwa hajaiona tangu awe mtu mzima. Alikuwa na miaka minne mama alipofariki.

"Haifanani," akasema. "Inaonekana tu kama inafanana."

"Hii buluu ni rangi yake kweli?"

"Hapana, nimeipaka mimi. Eksrei haina rangi machoni."

Hapo nikachanganyikiwa zaidi. Ikiwa rangi umeipaka wewe, mapovu umeyajuaje? Akaanza kueleza, nikamwambia tusubiri, nirudishe kwanza bahasha.

Swali lililonisumbua kuliko yote nililiuliza siku ya tatu. Alikuwa amesema eksrei hizo hazifiki ardhini, hewa inazizuia, ndiyo maana kuna chombo kinazunguka juu kabisa, nje ya hewa, kuzipokea. Nikamwambia, "Wewe. Eksrei ilipita kwenye kifua cha mama. Ilipita nguo, nyama, ikatokea upande wa pili. Sasa hewa, ambayo hata sisi tunapita ndani yake, ndiyo inaizuia?"

Alinyanyuka akanishika mkono, tukashuka hadi ziwani. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye chanja, wakatuangalia tukiingia majini na nguo zetu.

"Unaona miguu yako?"

"Naona."

Maji ya kwetu, mtu akisimama hadi kifuani anahesabu vidole vyake vya miguu.

"Sasa tazama kule." Akanyoosha kidole upande wa Kongo, kwenye kina. "Unaona chini?"

"Kule? Kule hakuna aliyeona chini."

"Maji ni yale yale, Dada. Ila ni mengi. Kifua cha mama ni maji ya hapa. Hewa yote mpaka juu ni kule."

Nikaelewa. Nasema kweli, nilielewa kabisa, nikatoka majini nimenyooka. Mwanamke mmoja akaniuliza tumepoteza nini, nikamwambia hatujapoteza, tumepata. Jioni yake nilipojaribu kujieleza mwenyewe nikiwa peke yangu, nikawa na miguu ndani ya maji na hewa juu ya kifua cha mama, na sikuweza kuvitenganisha.

Basi nikabadili njia. Nikamwambia asinifundishe kwa maneno yake, anifundishe kwa kazi yangu. Tulikuwa tunatwanga. Chikichi zilizochemshwa ukizitwanga, nyingine hukaa kwenye ukingo wa kinu, zimetulia. Mchi ukipita vibaya ukaigusa moja, inaruka kama risasi. Mimi nina kovu juu ya jicho kwa sababu hiyo.

Iliruka moja ikampiga shavuni.

Akasimama na mchi mkononi. "Dada. Hii. Hii ndiyo eksrei yenyewe."

"Chikichi?"

"Sikiliza. Kuna nuru ya zamani kuliko nyota zote. Ilibaki tangu mwanzo wa kila kitu. Imechoka, imepoa, imejaa kila mahali. Hata hapa ipo, kwenye kinu, jikoni, mahali pote. Ni kama hizi za ukingoni, haina nguvu. Lakini huko kwenye mapovu kuna zile chembe zinazokimbia, ni kama mchi. Chembe ikiigonga nuru hiyo, inairusha. Nuru dhaifu inaondoka hapo ikiwa eksrei."

Nikatazama jikoni. Palikuwa na masufuria, beseni, na kuku wa jirani aliyeingia bila hodi. Nuru ya zamani sikuiona. Lakini la chikichi lilinikaa.

"Na faida yake?" nikamuuliza. "Kikaoni Baba mkubwa atauliza faida."

Akafikiri. "Ukisikia kinu nyuma ya ukuta, utajuaje ni mtu mmoja mwenye nguvu au ni wawili dhaifu?"

"Sitajua."

"Redio ni sauti ya kinu. Haitwambii chembe ni ngapi, haitwambii sumaku ina nguvu gani, inachanganya vyote viwili. Lakini zilizoruka ukizihesabu, na unajua ukingoni zilikuwa ngapi, unajua michi. Hilo ndilo nakwenda kufanya. Kuhesabu zilizoruka."

Hilo nilikaa nalo siku mbili. Likaja likaondoka, likaja likaondoka. Nikiwa nakamua lipo, nikipumzika halipo.

Siku ya nane alisema jambo ambalo hakukusudia kunifundisha. Tulikuwa tumezima moto chini ya pipa na alikaa karibu yake, maana kulikuwa na upepo wa ziwani. Akasema kuna galaksi ambazo kile kitu cha katikati kimeacha kutema. Kimezima. Redio ya mapovu inafifia mapema, kwa sababu chembe zenye mbio kubwa zinachoka kwanza. Lakini zilizo na mbio ndogo kidogo zinadumu, na hizo bado zinaigonga ile nuru ya zamani. Kwa hiyo ukitega redio husikii kitu, unasema hapa hakuna. Ukitazama kwa eksrei, mapovu yapo.

"Kama pipa hili," nikasema. "Moto umezimwa, ukiangalia huoni mwali. Weka mkono."

"Kama pipa hili."

Nikamuuliza pia, kwa kupitisha muda tu, watu wa kazi hiyo ni wengi? Akasema wanaotazama mbingu ni wengi. Wanaotazama mapovu, tena kwa eksrei, wanajuana wote kwa majina. "Hata boti la Kalemie, lile la kuvuka kwenda Kongo, hawalijazi, Dada. Nikiandika kitu naweza kukwambia nani atakisoma na nani atakasirika."

Siku ya kumi tulikwenda Simbo, kikaoni.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye mwenye kikao. Alikuwa karani bandarini Kigoma maisha yake yote ya kazi, kazi yake kuhesabu abiria wanaopanda na wanaoshuka, na hata sasa akiingia mahali anahesabu. Nilimwona akitupitisha macho mmoja mmoja. Tulikuwa kumi na saba. Shangazi alikaa mbele, kitenge kipya, mikono imefungwa. Mdogo wangu alikaa mkekani karibu na mlango, macho chini.

"Mwakeye," Baba mkubwa akatusalimu kwa Kiha, tukaitika. "Aliyemlea asimame."

Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku kumi. Nikafungua mdomo na cha kwanza kutoka kikawa, "Kuna kinu."

Watu wakangoja.

"Huko juu," nikasema. "Hapana. Kuna galaksi, ina kitu katikati, kinatema. Pande mbili. Kuna mapovu. Kwenye mapovu kuna chembe, na chembe ni kama mchi. Na kuna nuru ya zamani ambayo ni kama chikichi za ukingoni. Mchi ukizigonga zinaruka, na zikiruka zinakuwa eksrei. Mdogo wangu anakwenda kuzihesabu."

Mtu nyuma akakohoa.

"Anakwenda ng'ambo," Shangazi akasema taratibu, "kuhesabu chikichi."

Kicheko kikapanda hadi bati. Nilimwona mdogo wangu mabega yakimtikisika, sikujua kama analia au anacheka na wao.

"Eksrei, Shangazi," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Ndiyo. Nimelisikia hilo. Mama yenu alikwenda kupigwa eksrei siku ya Jumatatu, kwa miguu yake mwenyewe, na kanga yake ya kutokea. Wiki ya tatu tukamzika. Nilimvalisha mimi. Sasa mtoto wake anakwenda kuitafuta eksrei hukohuko inakozaliwa, na wewe ndiye unamsindikiza?"

Hakuna aliyecheka. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe niliwaza hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimpeleka mama akiwa mzima, nikampeleka kwenye chumba chenye giza, na baada ya hapo hakuwa mzima. Nani angeniambia vingine?

"Picha haikumuua, Shangazi," nikasema. "Picha ilimkuta. Alikuwa ameumwa siku nyingi, alikuwa anatuficha." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Na hizi za huko hazitufikii. Hewa inazizuia, kwa sababu hewa ni kina kirefu."

"Kama hazifiki, wanazipataje?"

"Kuna chombo juu ya hewa. Kinazipokea, kinatuma habari chini."

"Kinatuma kwa njia gani?"

Nilijua jibu hili, mdogo wangu alinieleza. "Kwa redio."

"Si umesema redio ni ya galaksi?"

"Ndiyo. Hapana, hiyo ni nyingine. Ile ya galaksi ni... hii ya chombo ni redio ya kawaida."

"Kwa hiyo kuna redio ya galaksi na redio ya chombo, na eksrei katikati."

"Ndiyo," nikasema, na baada ya kusema ndiyo nikaona sijui nimekubali nini. Nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameuma kona ya mtandio wake. Anayeondoka hasemi.

Baba mkubwa akaniambia, "Endelea, mama." Ananiita mama kwa sababu nimeitwa jina la mama yake.

Nikasema lililobaki, la pipa. Nilisema kwamba galaksi nyingine katikati pamezimika, kile kilichokuwa kinalisha mapovu hakipo tena. Ukisikiliza unasema hapa hakuna kitu, kwa sababu chembe za mbio zimechoka kwa kukosa chakula. Lakini mapovu hayajafa. Yapo, yamejaa, bado yanarusha nuru, ila lazima utazame kwa namna nyingine ndipo uyaone. Nikasema anakwenda kutazama hayo pia.

Nilipomaliza hakuna aliyeuliza. Shangazi alikuwa ananitazama usoni, kisha akamtazama mdogo wangu mkekani, kisha akafungua mikono yake akaiweka magotini. Baba mkubwa alivua kofia. Nilidhani nimekosea vibaya sana, nimesema jambo la aibu bila kujua, kwa hiyo nikaongeza upesi, "Hapo ndipo mwisho wa ninachokijua. Hata hicho sikijui vizuri. Nimefundishwa siku kumi na sijakishika. Sitawadanganya."

"Hujakishika?" akauliza Baba mkubwa.

"Sijakishika, Baba."

Nikaona safari imekwisha. Nilifikiri barua ile, na nafasi kupewa mwingine, na kwamba nilimshonea gauni kwa sare yangu ili afike hapo alipokaa, kisha nimemzuia mimi kwa ulimi wangu mwenyewe. Nilibaki nimesimama. Msemaji hakai mpaka aambiwe.

"Basi nina swali moja," Baba mkubwa akasema. "Ndilo swali lenyewe, mengine yalikuwa ya kukuchangamsha. Akipotea, utakwenda kuuliza nini?"

Sikuelewa. "Kuuliza wapi?"

"Popote. Umeshuka kwenye ndege, hujui mtu. Unamtafuta mdogo wako. Unauliza nini?"

Nikafikiri. "Nitauliza, yuko wapi msichana wa Kigoma anayechunguza eksrei ya mapovu ya galaksi za redio?"

"Wakikucheka? Wakikwambia hapa wote ni hao?"

"Hawawezi. Watu wa kazi hiyo dunia nzima hawajazi boti la Kalemie. Wanajuana kwa majina."

"Boti lipi? La mbao au la chuma?"

"Sikumuuliza, Baba."

"Hata la chuma," akasema, na nikaona midomo yake ikisogea, anahesabu abiria wake wa zamani, anawapandisha mmoja mmoja. Alihesabu kwa muda mrefu. Mwishowe akavaa kofia. "Hao unawamaliza kwa asubuhi moja. Ukifika wa mwisho, lazima awe yeye, au awe mtu anayemjua. Yule mzee wetu alisema anakwenda kazini. Nani atamtafuta mtu aliyekwenda kazini?"

Shangazi akajipangusa macho kwa kitenge. Akasema, "Siku saba treni ile ilichukua kwenda. Saba."

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Miaka yote niliisikia hadithi hiyo, na sasa nilikuwa naisikia kana kwamba mwanzo wake ni mwingine. Kumbe hawakutaka nielewe? Au walitaka, ila walitaka kitu kidogo kuliko nilichokuwa nahangaika nacho? Sikujua nifurahi au nikasirike kwa zile siku kumi.

"Sasa semeni wote," Baba mkubwa akaamuru. "Huyu msemaji akifa, nani atakwenda kuuliza? Semeni. Eksrei ya mapovu ya galaksi za redio."

Tukasema. Kumi na sita, kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza, na wa kumi na saba mkekani kanyamaza huku machozi yanamchuruzika. Wazee ambao Kiswahili chenyewe huwasumbua walisema. Baba mkubwa akazunguka, kila mmoja aseme peke yake. Alipofika kwa Shangazi, Shangazi akasema kwa kujiamini, "Eksrei ya redio za mapovu ya galaksi."

"Rudia."

"Si ndiyo hiyo hiyo, kaka?"

"Siyo. Ukisema hivyo utaletewa mtoto wa mwenzio. Rudia."

Akarudia mara tatu, watu wakimcheka, naye akiwaambia wanyamaze, wao wenyewe hawajui povu la sabuni. Mara ya nne akapata. Ndipo Baba mkubwa akaniambia, "Kaa, mama," nikakaa.

Tulirudi Bangwe jua likiwa bado juu. Sheria humruhusu anayeondoka kusema akishavuka mtaro wa nyumba ya kikao, na mdogo wangu alipouvuka tu akageuka.

"Dada, ulisema vizuri. Ila lile la chembe kuchoka, sababu uliyotoa siyo."

"Nilitoa sababu gani?"

Akafikiri. "Mimi mwenyewe sijui sasa. Umenichanganya."

Aliondoka wiki iliyofuata. Ananipigia Jumapili. Ananieleza kazi yake, nami namuuliza kama amekula, na katikati ya hayo mawili kuna jambo anasema ambalo karibu nilishike, kisha simu inakatika.

Mapovu sijayaelewa. Chikichi ikiruka kinuni nasimama kidogo, natazama ilikoangukia, natazama jikoni kama kuna kitu cha zamani kilichojaa humo, naona masufuria. Labda mdogo wangu akirudi nitamwambia tuanze tena siku ya kwanza. Labda nitakuwa nimezeeka, nisikumbuke hata maji.

Shangazi huja kwangu kila Alhamisi kuchukua mise, zile kokwa za chikichi, za kutengenezea mafuta ya ngozi. Siku hizi habishi hodi. Anasimama nje ya uzio, kwenye jua, anasema, "Eksrei ya mapovu ya redio za galaksi."

"Hapana, Shangazi," namjibu nikiwa ndani, bila kuacha kutwanga. "Rudia."

Anarudia. Simfungulii mpaka apate.